Gari la Kijani la Noor Dheere

Mwezi uliopita binti wa dada yangu aliolewa Nairobi, na vijana wakamkodia gari la zamani la Kiingereza, refu, jeusi, lenye taa za mviringo na viti vya ngozi. Niliombwa nikae naye kiti cha nyuma, nimshikie shela. Nikafungua mlango, nikainama niingie, harufu ikanikuta palepale: ngozi iliyopigwa jua, mbao iliyopakwa vanishi, na petroli kwa mbali. Nikarudi nyuma. Nikamwambia bibi arusi nitafuata na gari lingine. Alidhani tumbo limenichafuka. Tumbo langu lilikuwa salama. Nilikuwa na hasira, na nilishangaa kuikuta bado mbichi, maana nimekuwa nayo tangu meno yangu ya utoto hayajaisha kung'oka.

Wenzangu mliokulia Garissa miaka ile ya tisini hamtahitaji maelezo mengi. Wengine nitawaeleza.

Tulikaa mtaa wa Iftin. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Alinunua ng'ombe na mbuzi kwa wafugaji wa Balambala na hata wa kule Kotile, akawapeleka Nairobi kwa malori ya kukodi. Jina lake lilikuwa Noor, lakini mji mzima ulimwita Noor Dheere, yaani Noor Mrefu, kwa sababu hapakuwa na mlango ambao hakuuinamia. Mama yangu, Sahra, aliuza maziwa ya ngamia sokoni pamoja na wanawake wenzake, na kwa miaka mingi alikuwa akimsihi baba anunue lori lao wenyewe. Baba hakuwahi kukataa. Alisema mwaka huu, inshallah. Kisha safari moja akarudi kutoka Nairobi, akala bila kuinua macho, na alipomaliza chai akamwambia mama kwamba ameona gari.

Mama aliuliza kama lina bodi ya chuma au ya mbao. Baba akasema si lori. Akajaribu kulieleza, na nakumbuka jinsi mikono yake ilivyochora hewani mgongo ulioinama kidogo kuelekea nyuma, na mabega juu ya magurudumu. Mama alisubiri mikono ile itulie. Kisha akauliza gari lisilobeba ng'ombe wala mtungi wa maziwa ni la kazi gani. Baba akafikiri, na jibu alilotoa mama alilirudia kwa majirani kwa miaka mingi, kwanza kwa aibu, baadaye kwa majivuno. Alisema, "Ni zuri, Sahra. Sijapata kuona kitu kilichotengenezwa na watu kikawa kizuri hivyo."

Nilikwenda naye kulinunua kwa bahati tu. Sikio langu lilikuwa likitoa usaha, na ilibidi nionwe na daktari Nairobi. Tulipotoka kwa daktari tulipanda hadi Limuru, mahali penye baridi ambayo sikujua kama inaruhusiwa duniani. Moshi ulinitoka mdomoni nikadhani dawa ya sikio imeshika moto ndani yangu. Mashamba ya chai yalikuwa ya kijani kupita kiasi, na mwisho wa njia ya kokoto palikuwa na nyumba ya mawe na mama mmoja wa Kizungu mwenye sweta kubwa la kiume. Mumewe alikuwa amefariki, na gari lilikuwa la mumewe.

Lilikuwa limesimama chini ya paa la mabati. Kijani, lakini kijani cha ndani, kama maji ya mto penye kina. Magurudumu yake yalikuwa ya nyaya, yaking'aa, na puani alikuwapo paka wa chuma anaruka, miguu ya mbele imenyooka. Ndani viti vilikuwa vyekundu, na pale mbele ya dereva palikuwa na ubao wa mti wa kweli, wenye mistari kama viganja vya mzee, na swichi zilizopangwa safu moja. Nilimuuliza baba kama huyo paka ndiye anayelivuta. Alisema hapana, lakini hakusema kwa haraka.

Mama wa Limuru alitueleza, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha watu jikoni, kwamba siku iliyotangulia alikuja kijana mmoja akataka kujua kama injini inaweza kutolewa iwekwe ya pikapu. Alimfukuza na mbwa. Nadhani alikuwa tayari kumfukuza na baba pia. Lakini baba hakuuliza kitu. Alisimama mbali kwanza. Kisha akalizunguka polepole, akachuchumaa mbele yake, akatazama miguu yake, yaani magurudumu, akainuka akaenda nyuma akatazama tena. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo hivyo sokoni, na ndipo nikaelewa kwamba anamkagua ngamia. Akamwomba yule mama aliendeshe hadi getini na kurudi, ili alione likitembea. Mama yule alimtazama sana, halafu akacheka, akaenda kuvaa viatu.

Lilipopita mbele yetu halikupiga kelele. Lilikuwa na mngurumo wa chini uliokuja kwanza tumboni kabla ya kufika masikioni. Baba aliweka kiganja kwenye boneti lilipokuwa bado likinguruma, akafumba macho. Akauliza linakunywaje. "Nakunywa mingi sana," mama yule akasema, "kama bwana yangu." Akamwonyesha kwamba lina matangi mawili ya petroli, moja kila upande, na swichi ya kuhama kutoka hili kwenda lile. Baba yangu alicheka kwa sauti. Mnyama mwenye akiba ya safari ndefu, kutoka nchi ya mvua. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Bei walipatana kwa njia yetu. Baba alitandaza shali yake juu ya mkono wake na wa yule mama, akamweleza kwamba vidole ndivyo vitakavyosema, ili wapita njia wasijue. Hapakuwa na mpita njia ila mimi na mbwa. Mama yule alishtuka kidogo, kisha akakubali, na nikaona kitambaa kikicheza, kikatulia, kikacheza tena. Walipomaliza baba alimwomba aseme kwa kinywa chake kwamba ameliachilia kwa moyo mweupe. Hiyo ni desturi. Hutaki kumpeleka nyumbani mnyama ambaye mwenyewe anamlilia. Mama yule akasema, "Naachilia kwa moyo," kisha akageuka akatazama mashamba ya chai kwa kitambo.

Safari ya kurudi nilikaa mbele. Baba alikuwa amejikunja kama kisu, magoti karibu na usukani, na nywele zikigusa paa, na sijawahi kumwona mtu aliyekaa vibaya hivyo akiwa na furaha hivyo. Tulipita Thika, tukapita Mwingi, baridi ikabaki nyuma, mimea ikawa miiba, na hewa iliyoingia dirishani ikawa ile tunayoijua. Katika daraja la Tana polisi walitusimamisha kama walivyotusimamisha siku zote. Baba akatoa kipande cha utambulisho, kisha akatoa ile kadi ya pili, kadi ambayo Wasomali peke yao walitakiwa kubeba ili kuthibitisha kwamba nchi hii ni yao. Askari wa siku ile alikuwa kijana. Alizitazama kadi, akalitazama gari, akauliza tu linakimbia kiasi gani. Baba akamwambia hajui, hajalikera bado.

Wazee walimcheka. Walimuuliza kama amenunua gari au kiatu, lilivyokuwa chini. Ni kweli halikuweza mchanga. Njia zetu za Iftin lilizipita kwa kunyata, na likishafika kwenye lami linashusha pumzi. Siku za kazi lilikaa uani, limefunikwa turubai, na chini ya turubai baba alitandika mikeka ile mizito ya kuezekea nyumba za wafugaji, jua lisile rangi yake. Ijumaa alilifunua. Nililiosha naye. Alinifundisha kutazama. Aliniambia niweke jicho usawa wa mlango wa mbele, nifuate ule mstari hadi taa za nyuma, nione kama kuna mahali jicho linakwaa. Hapakuwapo. Aliweka gilasi ya chai juu ya boneti injini ikiwaka, tukatazama chai ikitetemeka kidogo tu, kama inayosikia baridi. "Mtu alikaa akafikiri juu ya hili," aliniambia. "Hakuwa na haraka. Popote alipo, Mungu amrehemu."

Mama alikataa kuliingia kwa muda mrefu. Kisha Idi ikafika, na mama akachukua chetezo chake, akafukiza uunsi ndani ya gari milango ikiwa imefungwa, akasubiri, akaingia nyuma akakaa katikati, amejitanda garbasaari yake mpya ya manjano. Tuliendeshwa hadi darajani na kurudi. Aliposhuka alisema kiti hakiumizi mgongo. Kwa mama yangu hiyo ilikuwa sifa kubwa, na baba aliipokea hivyo.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyofutwa baadaye. Watu walioletwa kututawala walijua juu yetu mambo machache: ukame, bunduki, mbuzi, msaada. Hakuna aliyeweza kufikiri kwamba mtu wa Garissa angependa kitu kwa kuwa ni kizuri. Kama kitu ni kizuri na kiko kwake, basi ameiba.

Mkubwa wa polisi aliyehamishiwa mjini kwetu mwaka ule alikuwa mtu wa tumbo na miwani myeusi. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka, na magari mengi yalikuwa yakivuka mpaka bila karatasi. Hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo ulimfaa sana. Alimkuta baba nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, watu wote wakitoka, mimi nikiwa nimekaa ndani ya gari nikimsubiri. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia yote.

"Hili umelitoa wapi?"

Baba akasema Limuru.

"Limuru au Mogadishu?"

Baba akaingiza mkono garini, juu ya magoti yangu, akatoa kitabu cha gari chenye jina lake, akampa. Yule mkubwa hakukifungua. Alikikunja akakitia mfukoni, kama mtu anayetia leso yake mwenyewe. Akasema Msomali na gari kama hili, wapi na wapi. Baba akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba yeye ni Mkenya.

"Hiyo nayo tutaichunguza," yule mkubwa akasema.

Niliambiwa nishuke. Askari aliyeingia hakujua gia zake, na gari lililia mpaka kwenye kona, sauti ambayo sikuwahi kulisikia likitoa. Baba alisimama pale na kanzu yake nyeupe mbele ya mji mzima, mikono ikining'inia. Hakuna aliyemcheka siku hiyo. Walimpisha tu njia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nyumbani niliwasikia wakubwa wakisema kwamba gari limekuwa ushahidi. Hapo ndipo nilipopotea. Kwetu tulisema Kisomali, Kiswahili nilikuwa nakiokota shuleni, na neno nililolijua mimi ni shahiid, mtu aliyekufa kwa ajili ya haki akaenda peponi moja kwa moja. Nikadhani wameliua. Nililia mpaka mama akanieleza kwamba hapana, shahidi kwa Kiswahili ni yule anayesimama mbele ya watu akaeleza alichokiona. Nikapata nafuu kubwa. Basi ni jambo dogo, niliwaza. Wataliuliza, na litasema. Lilikuwapo Limuru, lilikuwapo chini ya shali, lilimsikia yule mama akisema ameliachilia kwa moyo. Tena kwa kuwa ni la Kiingereza litawajibu kwa Kiingereza, na wakubwa wa serikali wanakiogopa Kiingereza.

Nilingoja liseme. Njia yangu ya shule ilipita kando ya uzio wa kituo cha polisi, na kupitia nyaya niliweza kuliona, limeegeshwa juani bila turubai, kati ya pikipiki zilizopinda na mikokoteni. Paka wa chuma ndiye aliyeondoka kwanza. Pale puani pakabaki shimo. Kisha magurudumu ya nyaya, moja baada ya jingine, likawa limekalia mawe. Rangi ikaanza kupauka mgongoni. Mbuzi wa askari waligundua kivuli cha ndani, na siku moja nilimwona beberu mmoja amelala kwenye kiti chekundu, akitafuna kitu polepole, na sikutaka kujua anatafuna nini. Nilishika nyaya nikaliambia, kwa Kisomali na kwa maneno machache ya Kiingereza niliyokuwa nayo, kwamba sasa inatosha, wakati umefika, liseme. Nilidhani labda linaona haya. Nilidhani labda limekasirika kwa kuwa hatukuja kulichukua.

Na baba alikuwa akienda. Kila asubuhi alivaa kanzu safi, akaenda kituoni, akasimama. Hakupewa kiti. Mara faili liko kwa mtu aliyekwenda Nairobi, mara mkubwa ana mkutano, mara aje kesho. Alikuwa mtu ambaye wafugaji walimwachia mifugo yao bila kuandikiana, kwa kumwamini tu, na sasa alikuwa akisimama juani mbele ya vijana wenye umri wa watoto wake wakubwa, akiwaeleza jambo lilelile kwa maneno yaleyale. Biashara ilimponyoka. Alikonda. Mama aliacha kumtania juu ya lori.

Mwishowe yule mkubwa alimwambia kwamba kama kweli alilinunua, basi amlete mwenye gari. Baba akamwambia mwenye gari ni yeye. Mkubwa akasema aliyemuuzia, akija yeye mwenyewe, ataona la kufanya. Baba alikwenda posta akapiga simu Limuru. Aliporudi alisema mama yule atakuja, akaingia ndani akalala, na ilikuwa bado mapema mchana.

Alikuja wakati shule zimefungwa, nikiwa sokoni na mama nikifukuza nzi kwenye mitungi. Landrova yake ilipita imejaa vumbi, yeye mwenyewe usukanini, na habari zikatufikia kabla vumbi halijatua. Mama akainuka. Wanawake wenzake wa maziwa wakainuka naye, bila kuambiwa, wakafunika mitungi yao, na tukaenda.

Tuliyoyakuta pale kituoni ndiyo yaliyonirudisha nyuma mlangoni pa gari la bibi arusi, miaka yote hii baadaye. Mama wa Limuru alikuwa amekaa kwenye kiti. Kiti kilikuwa kimetolewa ofisini kikawekwa kwenye kivuli cha veranda. Mkononi alikuwa na soda baridi. Yule mkubwa alikuwa amevua kofia na miwani, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana macho kama watu wengine. Alikuwa akitabasamu. Hakumuuliza kipande. Hakumuuliza ametoka wapi wala kama ana karatasi. Mama yule alisema maneno machache tu, kwamba gari lilikuwa la bwana yake, na kwamba alimuuzia huyu mzee, na yakaaminiwa yote kabla hajamaliza soda. Baba alikuwa amesimama juani, mahali pake pa siku zote.

Mkubwa akaita funguo. Zikaletwa, na kile kitabu cha gari pia, kikiwa bado kimekunjika. Akasema, "Basi mama, kwa kuwa wewe umesema, mimi nakukabidhi wewe."

Akamwekea mkononi. Yule mama, naye hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, aliinuka akashuka ngazi za veranda akamwendea baba, uso umemjaa furaha ya mtu aliyetenda jema, akamnyoshea funguo. Baba aliweka mikono nyuma.

"Mama, asante kwa safari," alimwambia. "Lakini mimi sikuja kuomba gari kwako. Wewe uliniuzia, tukamaliza. Nilikuja kuomba huyu aniamini mimi. Amekuamini wewe. Basi gari ni lako."

Hapakuwa na mtu aliyesogea. Yule mama alibaki amenyosha mkono, furaha ikimtoka usoni taratibu, akauliza amekosea nini. Mkubwa akakohoa, akasema Wasomali ni watu wa ajabu, wanasaidiwa na wanakataa. Nilitamani baba azichukue. Nilitamani pia azitupe usoni mwa mtu. Nilikuwa mtoto, na sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa moyoni pamoja maisha yote.

Mama yangu ndiye aliyetembea. Alipita katikati ya askari kama apitavyo katikati ya ng'ombe, akafika mbele ya yule mama, akazichukua funguo na kitabu kutoka mkononi mwake, wala hakunyakua, alichukua kama mtu achukuavyo chenji yake. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, na p zake zote zilikuwa b. Alisema, "Hii gari si zawadi. Sisi tulilibia. Mimi nataka gari yangu." Kisha akamgeukia yule mkubwa. "Bolisi, fungua geti."

Geti lilifunguliwa. Sijui ni nani aliyelifungua. Sidhani kama askari mwenyewe anajua. Wanawake wa maziwa wakatoka wakarudi na magurudumu ya mkokoteni na ya gari bovu la jirani, wakawaita mafundi wawili waliokuwa wakichungulia, na gari likainuliwa kutoka kwenye mawe. Halikuwaka. Betri ilikuwa imekwenda zamani. Basi wakalisukuma. Walijifunga garbasaari zao viunoni, wakainamisha vichwa, mikono yote juu ya ule mgongo uliopauka, na gari la kijani la Noor Dheere likatoka kituoni mchana kweupe likichechemea, likapita mbele ya maduka, mbele ya msikiti ule ule, mama akiwa usukanini ingawa hakuwahi kushika usukani. Kwenye mchanga lilizama wakalichimbua. Mtu akajitolea kulivuta kwa trekta, mama akamkatalia.

Baba alitembea kando. Hakuligusa. Alitembea amenyooka, akitazama mbele, mpaka tulipofika kwenye njia yetu, mahali penye mwinuko mdogo, na wanawake wakaanza kushindwa. Pale aliweka bega lake nyuma, karibu na taa, akasukuma pamoja nao. Nilimwona usoni. Hakuwa akilia. Alikuwa amekunja taya mpaka mshipa ukasimama, na hiyo ndiyo sura niliyorithi; watu wananiambia hivyo.

Mama alinituma nikampelekee mgeni chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Nilimkuta ndani ya Landrova yake mlango ukiwa wazi, akitazama miguu yake. Aliinywa yote. Akaniuliza jina langu, nikamwambia, akajaribu kulisema, akaondoka.

Ilichukua muda gari kupona. Vipuri vilitoka Nairobi kidogokidogo, na baadhi ya vile vilivyoibwa vilionekana kwenye magari ya watu tuliowajua, ila hakuna aliyethubutu kuvidai. Paka wa chuma baba alikataa kumrudisha. Aliacha lile shimo wazi, alilipaka rangi tu lisishike kutu. Aliliendesha tena Ijumaa, na Ijumaa nyingi alisimamishwa, na alitoa kitabu kile kilichokunjika, akasubiri kirudishwe. Yule mkubwa hakuulizwa na mtu. Alipandishwa cheo akahamishwa pwani, na mji wetu ukalazimishwa kuchanga mbuzi wa karamu ya kumuaga. Walikuja hadi nyumbani kuchukua wa kwetu. Mama akawapa aliyekuwa na kikohozi.

Baba alizeeka vizuri, na hasira haikumkalia kama ilivyonikalia mimi. Katika miaka yake ya mwisho, magoti yakiwa hayakubali tena kujikunja, nilikuwa nikimletea kiti uani akakaa kando ya gari wakati fundi akiliwasha kulipa pumzi. Siku moja nilimuuliza kama alimsamehe yule mkubwa wa polisi. Akasema zamani sana. Yule alikuwa mwizi, akasema, na mwizi unamjua ni mwizi, humtarajii kitu kingine.

Kisha akasikiliza injini.

"Aliyenisumbua ni yule mama," akasema. "Alisema maneno yaleyale niliyokuwa nikiyasema mimi kila siku. Tena kwa Kiswahili kibaya kuliko changu."

Alicheka, kile kicheko chake cha kifuani, akanitazama aone kama nami nacheka. Sikucheka.